Wastani wa Shule Unapima Nini?

Ukurasa wa matokeo ya darasa la saba wa shule moja ya msingi, kama unavyotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ni mfupi. Juu pana jina la shule na namba yake inayoanza na herufi PS. Chini yake unakuta idadi ya waliofanya mtihani, kisha wastani wa shule, ambao siku hizi hukokotolewa kwa alama 300 kwa kuwa masomo ni sita na kila somo lina alama 50. Linafuata jedwali dogo lenye mstari wa wasichana, mstari wa wavulana na mstari wa jumla, na safu tano za madaraja kuanzia A hadi E. Mengine yote ni orodha ya watahiniwa. Mzazi anayetafuta shule, ofisa elimu anayeandaa kikao na mwandishi wa habari anayewahi gazeti la kesho wote husoma ukurasa huohuo, na karibu wote macho yao hutua palepale kwenye wastani. Lakini angalia ukurasa unasema nini kuhusu watoto wenyewe. Unasema jinsia yao, basi. Hausemi wangapi walipita darasa la awali, wangapi walikutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza mlangoni mwa darasa la kwanza, wangapi wanatembea saa nzima asubuhi bila kitu tumboni, wala wangapi walianza nao wakapotelea njiani. Ninachodai katika sura hii ni kwamba wastani wa shule, ukisomwa peke yake, kwanza kabisa ni habari ya watoto walioketi kwenye chumba cha mtihani. Kazi ya walimu imo ndani yake, ila haiwezi kuonekana mpaka tujue watoto hao ni akina nani na walianzia wapi. Tusipojua hayo tunampongeza mwalimu mmoja kwa uwezo wa wazazi, na kumlaumu mwingine kwa njaa ya wanafunzi wake.

Tuchukue shule mbili za kufikirika katika halmashauri moja. Ya kwanza iko mjini, ni ya kulipia, inafundisha kwa Kiingereza, na imetoa watahiniwa 36 wenye wastani wa 236. Ya pili ni ya serikali, iko kilomita 40 kutoka makao makuu ya wilaya, imetoa watahiniwa 142, na wastani wao ni 138. Msomaji anaona pengo la alama 98 na kuliita pengo la ufundishaji. Sasa wafuate watoto wenyewe. Wale 36 walifanyiwa usaili kabla ya kupokewa. Wengi walikuwa wamekaa chekechea miaka miwili au mitatu, na aliyeonekana kuyumba darasa la sita aliambiwa akariri au atafutiwe shule nyingine, desturi ambayo serikali imeipiga marufuku zaidi ya mara moja na ambayo wazazi hawajaacha kuilalamikia. Wale 142 hawakuchujwa na mtu. Yumo aliyeandikishwa akiwa na miaka tisa kwa sababu akiwa na miaka sita shule ilikuwa mbali mno kwa miguu yake. Yumo aliyekuja bila Kiswahili, kwa kuwa nyumbani wanazungumza Kiiraqw kama ni Mbulu, Kimaasai kama ni Ngorongoro, Kisukuma kama ni Kwimba. Mwalimu anapoandika neno “kikombe” ubaoni, mtoto wa Temeke anapambana na herufi tu, maana neno analijua tangu anaanza kusema. Mtoto wa kijiji cha Mbulu anapambana na herufi, na akishazitamka zote sawasawa bado hajui ametamka nini. Miezi ambayo mwenzake anaitumia kujifunza kusoma, yeye anaitumia kujifunza lugha ya kusomea. Na darasani kwake, badala ya wanafunzi 45 wanaotakiwa na mwongozo wa serikali, huenda wamo 120. Mwalimu akitumia dakika moja tu kwa kila daftari, kusahihisha zoezi moja la somo moja kunamchukua saa mbili.

Watoto wa namna hiyo hawakuwahi kuonekana kwenye wastani wa zamani, kwa sababu rahisi kwamba hawakuwamo shuleni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe kufikia 1977. Ada zikarudi katika miaka ya 1980, na watoto wa kaya maskini wakaanza kupungua tena. Zilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 8.3 mwaka 2007. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoondoa michango ya lazima, idadi iliyokuwa imesimama kwenye milioni 8.3 hivi ilivuka milioni 10 kufikia 2018. Kila mlango ulipofunguliwa, walioingia ni wale waliokuwa wamebaki nje: wa mbali, wa maskini, waliopita umri wa darasa lao. Kwa hiyo wastani ukishuka katika mwaka kama huo, shule inaweza kuwa imefundisha vilevile kama mwaka uliotangulia, au hata vizuri zaidi, ila kwa mara ya kwanza imepima watoto ambao zamani haikuwa nao. Ninaona ni dhuluma kuita hali hiyo kuporomoka kwa elimu bila kutoa maelezo hayo kwanza. Shirika la Twaweza, kupitia tathmini za Uwezo zilizoanza mwaka 2010, lilichagua njia ya busara zaidi: kuwapima watoto nyumbani kwao, waliomo shuleni na wasiokuwamo. Matokeo ya awali yalitisha. Ni kama watatu tu kati ya kila kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Hata hivyo matokeo hayo yalikuwa ya kweli kwa namna ambayo wastani wa mtihani hauwezi kuwa, kwani hakuna mtoto aliyeweza kuachwa nje ya hesabu kwa kutofika mtihani.

Swali la nani anachangia zaidi, nyumba au shule, lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa jirani kwetu. Mwaka 1966 nchini Marekani ilitoka ripoti ya James Coleman, iliyoagizwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ikiwa imepima zaidi ya wanafunzi nusu milioni katika shule kama 4,000. Wengi walitarajia ioneshe kuwa vitabu, majengo na vyeti vya walimu ndivyo vinavyotofautisha alama. Ikaonesha kwamba hali ya familia ya mtoto, na ya wenzake darasani, ina uzito mkubwa kuliko hivyo vyote. Miaka michache baadaye Stephen Heyneman akapima wanafunzi wa darasa la saba nchini Uganda na kukuta jambo tofauti: hali ya nyumbani ilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti za alama. Mwaka 1983, yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29 na kuona kwamba kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na walimu ulivyokuwa na uzito zaidi. Kwa miaka mingi hiyo ikawa faraja ya wapanga mipango wa Afrika: jengeni shule, wekeni vitabu, mengine yatajipa. Watafiti waliolirudia swali hilo kwa takwimu za miaka ya 1990 walikuta tofauti kati ya nchi tajiri na maskini imefifia. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu ni haya: shule zilipokuwa za wachache, watoto waliofika darasa la saba walikuwa tayari wamechujwa na maisha, hivyo walifanana. Zilipofunguliwa kwa wote, tofauti za nyumbani nazo zikaingia darasani na begi la daftari. Tanzania imefungua milango yake kwa upana kuliko nchi nyingi. Haiwezi kuendelea kusoma wastani kana kwamba bado tupo katika zama za wachache.

Wamarekani walichukua hatua moja ambayo sisi hatujaichukua. Tangu sheria yao ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002, shule ya msingi ya umma hulazimika kutoa matokeo yaliyochambuliwa kwa makundi: rangi, kipato, watoto wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu. Kipimo chao cha umaskini kimekuwa chakula cha mchana. Mtoto ambaye kipato cha familia yake hakizidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini anakula bure, na asiyezidi asilimia 185 anakula kwa bei iliyopunguzwa, kwa hiyo asilimia ya wanaokula namna hiyo inampa msomaji picha ya shule. Kipimo hicho kina ufa. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu shule za maeneo maskini kulisha watoto wote bila kujaza fomu, jambo jema kwa matumbo ya watoto, ila takwimu za umaskini za shule hizo zikapoteza maana. Pamoja na kasoro hiyo, uchambuzi huo umezaa ujuzi ambao wastani pekee usingeuzaa kamwe. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alipokusanya matokeo ya wilaya za elimu za nchi nzima, aliona kwamba alama za wastani zinafuatana sana na utajiri wa jamii, lakini kasi ya watoto kupanda kutoka darasa moja hadi jingine haifuatani nao hivyo. Mfano uliowashangaza wengi ni Chicago. Watoto wa shule zake za umma, wengi wao wa familia maskini, walianza darasa la tatu wakiwa chini sana ya wastani wa taifa, na kufikia darasa la nane, baada ya miaka mitano, walikuwa wamejifunza kiasi cha miaka sita. Kwa jedwali la wastani, Chicago ilikuwa wilaya dhaifu. Kwa jedwali la maendeleo, ilikuwa miongoni mwa wilaya zinazofundisha vizuri kuliko zote.

Kwetu kuna ushahidi wa kinachotokea pale namba tupu inapogeuzwa kuwa fimbo. Mwaka 2012 waliofaulu mtihani wa darasa la saba walikuwa asilimia 31 hivi, na mwaka uliofuata ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao pamoja na mambo mengine ulipanga shule zote kwa nafasi na kuzitangaza. Ukurasa wa kila shule ukawa na mistari mipya: nafasi kihalmashauri, kimkoa, kitaifa. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza athari za upangaji huo. Shule zilizokuwa mkiani katika halmashauri zao zilipandisha kiwango cha ufaulu, na hilo nalikubali bila kusita. Lakini watafiti hao waliona pia kwamba katika shule hizohizo baadhi ya wanafunzi waliachwa wasifike darasa la saba. Yaani sehemu ya tiba ilikuwa kumwondoa mgonjwa kwenye rejista. Mwalimu mkuu anayejua kwamba nafasi yake itasomwa kwenye kikao cha halmashauri mbele ya wenzake ana njia mbili za kupandisha wastani: kumfundisha mtoto dhaifu, kazi ya miezi, au kuhakikisha mtoto dhaifu hayumo, kazi ya mazungumzo mafupi na mzazi aliyekwisha kata tamaa. Nchini Kenya, wakati wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanyika kuanzia 1985 hadi 2023, malalamiko yalikuwa ya jamii moja na hayo: wanafunzi kulazimishwa kukariri, au wanyonge kuandikishwa kwenye kituo kingine cha mtihani ili wasiuguse wastani wa shule. Watu tofauti, nchi tofauti, tabia ileile. Namba isiyojali nani yumo humfundisha mwalimu kuchagua nani awemo.

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii ni kwamba itawapa walimu kisingizio. Ukishachapisha kwamba watoto wa shule fulani ni maskini, nani atamdai mwalimu chochote? Wanaosema hivi wanawatetea watoto, na ninawaheshimu kwa hilo. Ila ushahidi hauelekei upande wa kukata tamaa. Mwaka 2013 na 2014, katika utafiti wa KiuFunza uliohusisha shule 350 za wilaya 10, baadhi ya shule zilipewa fedha za ziada za shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, baadhi ziliahidiwa bonasi kwa walimu kwa kila mtoto atakayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu, na baadhi zikapewa vyote viwili. Fedha peke yake hazikupandisha alama za watoto. Fedha na bonasi kwa pamoja zilizipandisha waziwazi. Watoto walikuwa walewale, wazazi walewale, umaskini uleule, na bado walijifunza zaidi. Kwa hiyo hali ya mtoto si hukumu. Ni mahali pa kuanzia kupima. Mzigo hupimwa kwa kujua gari limetoka wapi na lilibeba nini, na dereva aliyepanda mlima na tani kumi hapimwi kwa saa ya aliyeteremka mtupu. Tukijua shule mbili zina watoto wa hali moja na moja inapanda kuliko nyingine, hapo ndipo mwalimu wa ile inayobaki nyuma anakosa pa kujificha. Leo anapo: anasema watoto wake ni wa shida, na hakuna mwenye takwimu za kumjibu.

Wengine watataja ile shule ya kijijini iliyoingia kwenye orodha ya bora licha ya kila kitu. Shule hizo zipo na zinastahili kuchunguzwa, lakini kabla ya kuzichunguza, hesabu watahiniwa. Shule yenye watahiniwa 12, wawili kati yao wakipata 60 badala ya 180, wastani wake unashuka kwa alama 20. Mabadiliko hayohayo katika shule ya watahiniwa 142 hayafikishi alama mbili. Ndiyo maana shule ndogo hujaa juu ya orodha na hujaa chini pia, na ndiyo maana Baraza, enzi za kupanga nafasi, lilizitenga zenye watahiniwa chini ya 40 na zenye 40 au zaidi. Mwaka mmoja wa kushangaza si ushahidi. Mitatu mfululizo inaanza kuwa ushahidi.

Pingamizi ninalolihisi zaidi kuliko yote linatoka kwenye historia yetu. Wakati wa mkoloni Tanganyika ilikuwa na mifumo mitatu ya shule, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na moja ya kazi za kwanza za uhuru ilikuwa kuiunganisha. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila. Kuna hekima katika kutouliza, na mtu anaweza kusema kwa haki kwamba kuwahesabu watoto kwa makundi ni kurudisha kuta zilizobomolewa. Nakubaliana naye kuhusu kabila na dini: visiandikwe. Ninachotaka kiandikwe ni hali zinazoweza kutatuliwa. Mtoto alipita darasa la awali? Anaishi umbali gani? Alianza shule akijua Kiswahili, bila kuulizwa nyumbani wanazungumza nini? Ana ulemavu unaohitaji kifaa? Anakula mchana shuleni? Kuhusu umaskini, hatuhitaji fomu mpya wala kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake. TASAF tayari imetambua zaidi ya kaya milioni moja kwa ajili ya ruzuku, na miongoni mwa masharti yake ni mahudhurio ya watoto shuleni, kwa hiyo shule inawajua. Idadi yao pekee, bila jina hata moja, ingetosha kuwekwa kwenye ukurasa. Mwalimu mkuu aliyekwisha kulemewa na taarifa za kila wiki hatalazimika kuanza upya, kwa maana kila mwanafunzi ana namba yake katika PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, tangu anapoandikishwa, na takwimu nyingi kati ya hizi zimekwisha kukusanywa na kulala kwenye majedwali ya TAMISEMI.

Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Ulikuwa uamuzi mzuri. Kwa miaka mingi orodha ya kumi bora ilitawaliwa na shule za binafsi, na ilikuwa tangazo la bure kwa usaili wao kuliko somo kwa taifa. Lakini kufuta nafasi na kubakiza wastani ni kuondoa kelele na kuacha kosa. Wazazi wana haki ya kujua shule inafanya nini na mtoto wao, na mzazi akinyimwa kipimo sahihi atatumia kile kibovu kilichobaki. Malighafi ya kipimo sahihi ipo. Kila mtoto hupimwa kitaifa darasa la nne, kisha hufanya mtihani wa kumaliza, na hata elimu ya msingi inapofupishwa kuwa miaka sita kwa sera ya sasa, vipimo viwili vya mtoto huyohuyo bado vinaweza kuunganishwa kwa namba yake na kuonesha amepanda kiasi gani akilinganishwa na wenzake wa hali yake.

Turudi kwenye zile shule mbili, na tuziongezee mstari mmoja tu: walioandikishwa darasa la kwanza. Tuseme ile ya kulipia iliandikisha 52 na ikawafikisha 36, na ile ya serikali iliandikisha 190 na ikawafikisha 142. Ghafla shule zote mbili zina jambo la kueleza, na ile yenye wastani wa 236 imepoteza karibu theluthi ya watoto wake. Katika ile ya serikali wanaotafutwa ni 48. Waliohama wana rekodi ya uhamisho, na hao unaweza kuwatoa kwenye hesabu kwa mchana mmoja ofisini kwa ofisa elimu kata. Wanaobaki wana majina kwenye rejista ya darasa la kwanza na wana wazazi kijijini, na wa kwanza kuulizwa habari zao ni mwenyekiti wa kitongoji, kisha mwalimu mkuu.